Mihogo Iliyopanda Mlimani

Kijiji chetu kiko kando ya ziwa, kwenye njia ya kutoka Kalemie kwenda Moba. Mvua kubwa zikija, udongo unateremka na barabara inakatika. Mihogo tunayo, lakini mashine ya kusaga iko mjini. Hapo mama yangu hutwanga mpaka mabega yanamuuma, na sisi wengine tunajifanya hatuoni.

Mwaka jana tulisikia kwamba watu wa mjini wanakuja kuangalia tunaishi vipi wakati kama huo. Wageni wa namna hiyo tunawajua: asiye na kitu njo anayepewa. Basi asubuhi, kabla ya chai, magunia ya mihogo mikavu yalipanda mlimani. Ndagala, dagaa wetu wa ziwani, zilipanda. Mbuzi walipanda. Nilibeba gunia letu nikarudi kumshika mkono bibi mzee wa jirani apande, maana alikataa kuachana na kuku wake.

Aliyekuja alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya sokoni. Alikaa mbele ya nyumba yetu, majirani wakamzunguka.

"Mama, barabara ikikatika munakula nini?"

"Hatuna kitu, Mama," mama yangu akajibu kwa sauti ya mgonjwa. "Tunalala hivi hivi."

Mgeni akamtazama mashavu. "Njaa ya huku ni nzuri, inanenepesha. Na mimi nitahamia."

Watu wakacheka. Mgeni akasimama, akapangusa sketi yake.

"Sawa. Tulitafuta kijiji chenye kuweza kujilisha, tukiwekee mashine ya kusaga, na majirani wakikwama waje hapa. Lakini ninyi hamuna cha kusaga."

Sijawahi kumwona mama yangu akipona haraka vile.

"Ngoja kidogo, Mama!" Akanigeukia. "Wewe, unasimama kama nguzo? Teremsha!"

Kijiji kizima kikakimbilia mlimani. Magunia yakashuka, mbuzi wakashuka, bibi naye akashuka akituambia tuamue jambo moja.

"Na huyu mbuzi?" mgeni akauliza.

"Alitoka kutembea tu."

"Na magunia?"

"Yalipanda leo asubuhi," nikajibu. Nilitazama miguu yangu.

"Vyote hivi vilipanda leo asubuhi? Na wazee?"

"Na wazee," mama akasema polepole.

"Hakuna kilichopotea?"

"Kuku mmoja," bibi akasema, "lakini yule alikuwa na kichwa kigumu."

Mgeni alicheka mpaka akakaa tena. "Mjini, ziwa lilipopanda, watu waligombana nani abebe godoro, maji yakaingia. Ninyi munahamisha kijiji kwa sababu yangu mimi!"

Mashine ililetwa mvua zilipokwisha. Waliijenga kule kule mlimani, mahali ambapo maji hayafiki, kwa kuwa njia tulikuwa tumeshawaonyesha wenyewe. Siku ya kwanza mama alipanda na beseni kichwani, akilalamika njia nzima kwamba mlima ni mkali. Alifika wa kwanza.