Simu ya Maman Chantal yarudi ukutani

Saa tatu asubuhi, katika nyumba moja ya mtaa wa Ibanda inayotazama ziwa, Joviale Cibalonza amepiga magoti sebuleni akipaka nta skrubu ya shaba. Mbele yake, juu ya blanketi, imelala simu nyeusi ya ukutani, ya zamani, ile yenye mkono wa kuzungusha ubavuni. Kitako chake kina ufa uliozibwa kwa gundi.

Ufa huo ni kosa lake, na halifichi.

Joviale, mwanamke wa miaka 34, ni seremala. Kazi anayoipenda kuliko zote ni kutengeneza mbao za kutundikia vitu vya zamani: saa, redio, simu. Mwaka jana, mwalimu mstaafu Floribert Zagabe alimletea simu hii. Marehemu mkewe, Chantal, aliitumia kwa miaka kumi na tisa alipokuwa mpokea simu katika shamba la chai. Shamba lilipofungwa, aliondoka nayo.

Joviale alikuwa na haraka. Alichukua ubao wa mti wa grevilea uliopasuliwa wiki mbili tu kabla, akaibana simu juu yake kwa skrubu nne. Unyevu wa ziwa na jua la dirishani vikafanya yao. Baada ya miezi mitatu ubao ulijipinda, na kitako cha simu, kisichojua kupinda, kikapasuka.

“Mbao mubichi iko mubongo,” anasema, yaani ni mwongo. “Leo inakuonyesha uso muzuri, kesho inageuka. Lakini fundi njo nilikuwa mimi, si mbao.”

Watoto wa Floribert walimshauri baba yao atafute fundi mwingine. Floribert akamrudishia Joviale simu hiyo, kwa sharti moja: asiharakishe. Ufa ukifunguka tena, simu haitapona, kwani kitako kama hicho hakipatikani mjini.

Joviale akaenda kwa mama yake anayeishi kule Mudaka. Juu ya mafiga, kwenye uchaga ambako mama hukausha maharage, akalaza ubao wa libuyu, mti mgumu wa msituni. Kila mwezi aliushusha na kuupima kwa mizani ya sokoni. Kila mwezi ulikuwa mwepesi kidogo. Mwezi wa nane na wa tisa wa kuukausha, uzito haukubadilika, ndipo akajua maji yamekwisha.

Marcellin, seremala jirani wa karakana yake, hakuacha kumtania. Kila Joviale aliporudi akinuka moshi, alimuuliza: “Maman Joviale, ile ni mbao ao ni sambaza?” Alimaanisha wale dagaa wa ziwani wanaokaushwa.

Ubao wa kwanza alitoza dola arobaini. Huu hatozi kitu.

Sasa anaifunga simu juu ya ubao. Skrubu ya katikati anaikaza hadi mwisho. Tatu nyingine zinapita katika matundu marefu aliyoyachonga kwa patasi. “Hii visi ya katikati njo inakamata,” anaeleza. “Zingine zinaacha mbao ipumue.” Nyuma ya ubao amebandika vipande vinne vya kandambili kuukuu, ili usiguse ukuta wenye unyevu.

Kabla ya kutoboa ukuta, anauliza swali ambalo mara ya kwanza hakuuliza: “Papa, maman alikuwa na urefu gani?”

Floribert anaweka kiganja chini kidogo ya bega lake. Joviale anatia alama ya penseli ukutani, usawa huo huo.

Simu inapokwisha kutundikwa, mzee anainama, anazungusha mkono wa simu, na kengele inalia. Anainua mkonga kwa mkono wa kushoto, kama alivyozoea Chantal, ingawa yeye hutumia wa kulia. Anauweka sikioni. Joviale anamuuliza kama aipandishe kidogo, asiumize mgongo.

“Iache pale, mutoto yangu,” anajibu. “Mimi njo nitainama.”

Joviale atarudi kila mwezi, hadi mvua ziishe, kuupima ubao kwa rula. Haonekani kuwa na wasiwasi. Mbao nyingine tano tayari zinakauka juu ya mafiga kule Mudaka, na mama yake ameanza kulalamika kwamba maharage hayana tena nafasi. Ndiyo maana Joviale anajenga kibanda chake cha kukaushia, chenye mafiga yake mwenyewe.

Ubao ule wa kwanza hakuuandika jina. Nyuma ya huu, mahali ambapo wageni wa Floribert hawataona, kuna maandishi ya penseli: Joviale, Mudaka, miezi tisa.