Shukrani Iliyokatwa Mkia

Mimi sikusoma sana. Shule niliiacha pale hesabu zilipoanza kuwekewa herufi, nikaona hayo wajumlishe wenyewe. Kwa hiyo mtu akiona nimeruka huku na kule avumilie, nitarudi. Ninachotaka kueleza ni habari ya mlango. Mlango wa dispensari ya kwetu nyumbani, wa kijani, wenye kufuli, na mguu wa mke wangu.

Mke wangu ana sukari. Mwaka jana, mvua zilipoanza, alijikwaa kwenye jembe, kidole gumba cha mguu kikapasuka na kidonda kikakataa kupona. Kidonda cha mtu wa sukari kinataka kuoshwa na kufungwa mara kwa mara na mtu anayejua kazi hiyo, na kwetu mtu huyo yuko mjini. Kutoka kwetu hadi mjini ni bodaboda juu ya mawe. Akifika kule mguu umevimba kuliko alivyotoka nao. Na dispensari iko palepale, akisimama uani anaona paa lake linang'aa na kufuli mlangoni. Imejengwa, imepakwa rangi, vitanda vimeingizwa, hata muuguzi aliletwa, akakaa akingoja, mwishowe wakampeleka kwingine. Kilichobaki ni kufunguliwa tu. Lakini kufungua kwa watu wetu si kugeuza ufunguo. Ni mheshimiwa mbunge aje akate utepe, na mheshimiwa anataka aje na mgeni mkubwa kutoka Nairobi, na huyo mgeni mkubwa kila mwezi ana shughuli.

Mimi niko huku Dubai, Ras Al Khor, nalinda ghala la vipuri vya magari. Nakaa langoni katikati ya injini zilizong'olewa na milango ya magari iliyoegemezwa ukutani. Arbab wetu, yaani tajiri mwenye ghala, ni mtu wa maneno machache. Ukimwomba kitu anasema inshallah, na kwa miaka niliyokaa naye nimejua inshallah ipi ni ndiyo na ipi ni hapana. Ile ya hapana huisema akiangalia simu. Nilimwomba likizo ya Desemba nikamuuguze mke wangu. Aliangalia simu.

Basi ndipo tukasikia mheshimiwa anakuja Dubai na familia yake, kutembea na kununua vitu, na kwamba atakula na sisi watu wa kwao.

Niseme ukweli, huyu mbunge nilikuwa nampenda. Ni mtu wa mambo ya zamani. Anataka mtoto aamke akimwona mzee, anataka watu waende kanisani, anataka mwanamume akae na mke wake na asomeshe watoto wake asingoje serikali imfute kamasi. Mimi ni mtu wa hivyo pia. Wenzangu humu wakimcheka kwamba anahutubia kama mwinjilisti, mimi nilikuwa namtetea. Nilikosana na mpishi wetu mmoja kwa sababu yake, tukanyimana salamu mwezi mzima, na huyo mpishi alikuwa mkarimu, ananiwekea ukoko wa wali ninaoupenda. Nikaukosa ukoko kwa ajili ya mheshimiwa.

Mwenyekiti wa watu wetu wa hapa akanipigia simu.

"Mzee, wewe ndiye mkubwa wetu. Utatoa neno la shukrani mwishoni."

"Na maswali yatakuwa saa ngapi?"

"Maswali hayapo. Hiki ni chakula, mzee. Unajua sheria za hapa, mambo ya siasa hayaruhusiwi. Ni watu wa nyumbani wanakula na mgeni wao."

"Wanakula bila kuongea?"

"Wataongea kupitia kwako. Wewe ukisema asante, sote tumesema."

Nikakubali, tena nikafurahi, na hapa lazima nieleze kwa nini, maana mtu wa kabila lingine anaweza asielewe. Kwetu mtu haombi kavukavu. Unaanza na shukrani. Unashukuru kwa yaliyofanyika, unashukuru kwa yaliyofanyika nusu kana kwamba yamefika mwisho, halafu mkiani kabisa ndipo unaweka ombi lako, dogo, kwa sauti ya chini. Anayesikiliza anajua hayo yote ya mbele ni kupiga hodi. Marehemu baba yangu alipotaka kuazimwa fahali wa kulimia, alikwenda kwa jirani asubuhi, akasifu ua, akasifu watoto, akasifu mbwa, yule mbwa ambaye aliwahi kumng'ata. Akanywa chai. Akasimama kama anaaga. Akiwa mguu mmoja nje ndipo akasema, na yule fahali wako anaendeleaje? Jirani alishamfunga kamba zamani, alijua tangu habari za ua. Ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo kuniambia nishukuru ilikuwa ni kuniambia niombe, na mimi nilikuwa na ombi.

Chakula kilikuwa Jumapili mchana, Al Barsha, katika hoteli nyuma ya yale maduka makubwa. Shati nililinyosha kwa kulilalia. Mheshimiwa aliingia na mkewe, wakatusalimia mmoja mmoja kwa mikono miwili, na mtu wao wa kamera akasimama mbele kabisa. Mwenyekiti akatuambia kwamba mheshimiwa atarekodi hapohapo salamu zake za kufunga mwaka, zile anazowatumia watu wa jimbo kila Desemba, kwa hiyo tupige makofi vizuri.

Tukala. Kuku alikuwa mkavu, lakini si habari yetu. Akasimama.

"Ndugu zangu, mwaka ukiisha mtu mwenye akili hugeuka akaangalia alikotoka," akasema. Na akageuka kweli, akatuangalizia taifa zima. Barabara zimefika ambapo hazikuwa zimefika. Umeme umeingia vijijini. Nchi inaheshimiwa huko nje. "Lakini barabara bila maadili ni njia ya kuwaharibu watoto wetu haraka zaidi." Tukacheka, tukapiga makofi. Akasema familia ndiyo serikali ya kwanza. Akasema tusizoee kunyoosha mikono, na akatusifu sisi wa Dubai kwamba hatukunyoosha mkono, tulifunga mizigo tukaja kutafuta. Nilisikia vizuri moyoni, sitadanganya.

Halafu akaja kwa jimbo. Mambo yetu ya mbele kule nyumbani, akasema, ni shule, maji na afya. Alipofika kwenye afya nikaacha kutafuna.

"Dispensari yetu imekamilika. Imesimama. Mkienda nyumbani mtaiona kwa macho yenu."

Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Imesimama ni kweli. Hata ng'ombe aliyefungwa kwenye mti amesimama.

Nikaitwa. Kamera ilinijia karibu, na mimi nimezoea kuangaliwa na kamera za ghala, zile za juu ambazo hazijali uso wako. Nikashukuru. Nikashukuru kwa barabara, nikashukuru kwa umeme, ingawa kwetu zimesimama nguzo tu. Nikashukuru kwa dispensari. Nilisema hivi: "Mheshimiwa, umetujengea dispensari nzuri, wake zetu wakiitazama wanafurahi, Mungu akubariki." Hapo watu walipiga makofi sana. Nikangoja yaishe. Ndipo nikaweka mkia.

"Na sasa, mheshimiwa, mke wangu ana kidonda cha mguu. Tunaomba mlango ufunguliwe hata kabla ya utepe. Utepe unaweza kukatwa siku yoyote. Mguu hauwezi kungoja."

Hawakupiga makofi. Mwenyekiti aliangalia sahani yake. Lakini mheshimiwa alikuja pale niliposimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akainama kidogo kama mtoto wa watu.

"Mzee wangu, nimesikia."

Nilirudi Ras Al Khor nikiwa mwepesi. Nikamweleza mwenzangu wa zamu, Mganda mmoja mwenye maneno, kwamba mheshimiwa ameinama na amesema amesikia.

"Mzee, kusikia ni bure," akaniambia. "Mimi hapa nasikia ndege kila siku, na sijapanda hata moja tangu niletwe."

Nikamwambia hajui watu wa kwetu. Akasema inshallah, ile ya kuangalia simu.

Siku chache kabla ya Krismasi wanawake wa kwetu walijikusanya kwenda ofisi ya mheshimiwa iliyo mjini, kuomba wafunguliwe. Mke wangu akaenda nao, mguu umefungwa kitenge, kwa sababu kidonda ni chake na alitaka kionekane. Yaliyofanyika huko alinieleza mwenyewe kwenye simu, na alianza bila kunisalimia.

"Baba watoto, ulimwambia nini huyo mtu?"

"Nilimwomba afungue mlango."

"Hukuomba. Mimi nimekuona. Walituketisha chini ya televisheni, msaidizi wake akasema, akina mama, kabla hamjalalamika tazameni salamu za mwisho wa mwaka. Tukatazama. Barabara, umeme, maadili. Mwishoni ukatokea wewe, na lile shati, unasema wake zenu wakiitazama wanafurahi. Ukambariki, ukapigiwa makofi. Ikazima."

"Haikuzima hapo. Niliendelea."

"Ilizima hapo. Halafu yule msaidizi akatuuliza, huyu si mzee wa kwenu? Na wenzangu wote wakanigeukia mimi."

Niliihamishia simu sikio la pili.

"Tulitoka mmoja mmoja," akasema. "Hata hawakuutazama mguu."

Nikampigia mwenyekiti. Akaniambia video ilikuwa ndefu, wameipunguza.

"Wamepunguza wapi?"

"Mwishoni, mzee. Mwisho huwa watu hawatazami."

Nikamwambia kwetu mwisho ndiyo habari yenyewe, na wewe ni wa kwetu, unajua. Alijua. Na mheshimiwa alijua, na ndicho kinachonichoma hadi leo ninapoandika. Mgeni angekata mkia kwa kutoelewa. Huyu alilelewa kama mimi, aliomba mchumba wake vivyo hivyo, kwa kusifu ua na mbwa. Amezunguka nchi nzima akihubiri adabu ya wazee, na ile adabu nilipomletea mezani akachukua nusu aliyoihitaji.

Mwaka mpya ukaingia. Mke wangu alilazwa hospitali ya mjini, wakamkata kile kidole, wakamrudisha nyumbani, na wakasema cha pili wanakiangalia. Nilikwenda kwa arbab tena. Akasema nitaondoka mtu wa kushika lango akipatikana. Hilo nalo bado.

Basi asubuhi moja nikampa Mganda simu yangu anishikie, nikasimama mbele ya rundo la milango ya magari. Akasema, haya, yalla, sema.

"Mheshimiwa, kwanza kabisa nashukuru kwa..."

"Mzee," Mganda akasema nyuma ya simu, "unaanza tena."

Tukafuta. Mara ya pili nikaanza kwa salamu, salamu ikanivuta kwenye shukrani, kama punda anayejua njia ya nyumbani. Tukafuta. Mganda akachoka kushika, akasema anaenda kunywa chai, akirudi niwe nimepona. Aliporudi nikamwambia washa.

"Fungua mlango. Mke wangu amekatwa kidole. Fungua mlango wa dispensari."

Khalas, basi. Nikaituma kwenye kundi la watu wa nyumbani, kule ambako ile ya salamu ilitumwa baadaye. Mwenyekiti alinipigia kabla sijaweka simu mfukoni. Akasema nimewaaibisha, mzee mzima hana hata salamu, mheshimiwa ameumia. Wengine waliandika kwamba Dubai imeniharibu. Mmoja alisema labda ni joto.

Jioni akapiga mke wangu. Nilingoja anikemee kama wengine, maana yeye katika mambo ya heshima ni mkali kunizidi.

"Nimekuona," akasema. "Umeongea kama mtu ambaye hana kwao."

"Najua."

Nikasikia kuku wake, nikasikia anasogeza kiti, nafikiri alikuwa anauweka mguu juu.

"Kufuli lingali pale?" nikamuuliza.

"Liko. Naliona kutoka hapa nilipokaa."

"Basi nifanyeje, mama?"

"Rudia," akasema. "Na safari hii uongee kwa sauti."