Aliyekaa Upande wa Upepo

Hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu. Sikuota, sikunywa, na msiniambie ni jua la Dodoma. Jua hilo nalijua, nimezaliwa Kondoa.

Kwenye bwawa la Hombolo tunashindana kwa katamarani siku za Jumamosi. Mnacheka? Chekeni. Ni mitumbwi miwili myembamba iliyounganishwa, katikati wavu wa kukalia, juu tanga. Upepo wa kwetu unaezua mabati, utashindwa kusukuma tanga? Sheria ni watu wawili kila mashua. Mmoja anashika usukani, mwenzake anakaa upande upepo unakotokea, aukandamize kwa uzito wake. Asipokaa, mnapinduka.

Nilikuwa mwanamke pekee mwenye usukani, na mwenyekiti wa kamati alikuwa ameshaniambia mbele ya watu: nisipomaliza mbio siku hiyo, usukani anapewa mwanaume. Asubuhi hiyo Neema, mwenzangu wa mashuani na wa ofisini Mtumba, akapiga simu. Homa. Nikazunguka ufukweni kuomba mtu wa kukaa naye, na kila niliyemfuata akajifanya anafunga kamba.

Niliporudi, nikamkuta mama mtu mzima amekaa kwenye wavu wa mashua yangu, kajifunga kaniki, miguu imejaa vumbi jekundu. Nilimuuliza jina? Sikumuuliza. Nilimwamkia? Wala. Vumbi lilikuwa limefunga ufukwe mzima na filimbi imeshalia. Nikamwambia tu, "Kaa kulia, shika kamba," kama ninavyomwambia Neema. Mimi, niliyechapwa utotoni kwa kumpita mtu mzima bila shikamoo!

Tulipofika boya la pili, upepo ukatupiga kutoka kulia. Upande wa mama ukaanza kunyanyuka. Nikapiga kelele, "Egemea nje!" Akaegemea. Ukazidi kupanda, kana kwamba hapakuwa na mtu. Nikatazama miguu yake. Maji yalikuwa yamenilowesha mpaka kifuani, lakini vumbi la miguuni mwake lilikuwa kavu vilevile. Niaminini. Naye alikuwa ananitazama tu, amenuna, kama mzazi anayemsubiri mtoto akumbuke adabu zake.

Nikakumbuka.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu. Nilidhani huna mdomo."

Upande wa kulia ukashuka kwa kishindo, maji yakaruka, wavu ukabonyea chini yake. Nikashika usukani kwa mikono miwili na tukaenda. Tulimaliza wa kwanza. Nilipogeuka kumshukuru hakuwepo, ila wavu ulikuwa bado umebonyea.

Mwenyekiti akanipokea ufukweni. "Umeenda peke yako, binti. Umevunja sheria. Kiri kwamba ulikuwa peke yako, uombe radhi, nasi tutakuachia usukani wako."

Watu wakaninong'oneza, "Dada, sema tu yaishe." Niseme nini? Kwamba aliyeniokoa hakuwepo? Nilishamnyima salamu, nimkane tena? Hasira zilinipanda mpaka machozi yakanitoka, lakini sauti haikutetemeka.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia. "Sikuwa peke yangu."

Wakanivua usukani palepale. Akapewa kijana mmoja mwenye mabega mapana. Akapinduka Jumamosi ya kwanza, akapinduka ya pili, na ya tatu alipinduka hata upepo hakuna, bendera ya kamati imelala. Ndipo mwenyekiti akanifuata Nkuhungu ninakoishi, akasema nirudi. Radhi hakuomba, nami sikumwomba.

Sasa nashindana na Neema kama zamani. Wavu ule tumeubadilisha mara mbili, na mara zote mpya umebonyea upande wa kulia kabla mashua haijaingia majini. Neema anakaa pembeni ya pale palipobonyea. Kila Jumamosi, kabla ya filimbi, nainamisha kichwa mbele ya kamati na watazamaji wote na kuuamkia wavu mtupu. Wanaocheka wapo, na mwenyekiti hunitazama mpaka nimalize.

Kwa hiyo wewe unayekuja Hombolo kwa mara ya kwanza, ukiona mahali pamebonyea na hapana mtu, usikurupuke kuketi. Amkia. Usipoitikiwa, amkia tena. Na kama unaona haya kwa sababu watu wanatazama, baki nchi kavu.