Sarafu ya Shingoni mwa Vettilla

Paccia alikuwa dobi pale bandarini Ostia tangu usichana wake, miguu imepauka kwa kukanyaga nguo za watu ndani ya mikojo, sabuni ya madobi wa enzi hizo. Alizaa wanne, akazika watatu, wote kwa homa. Ndiyo maana Vettilla, aliyebaki, hakuvuliwa hata mara moja ile sarafu ya shaba iliyotobolewa na kutungwa uzi iwe hirizi yake. Upande mmoja ilikuwa na uso wa Kaisari. Upande wa pili alisimama Afya, mungu wa kike, akimlisha nyoka kwenye kisahani, na huyo ndiye Paccia aliyemtegemea.

Kisha Kaisari akauawa. Wapiga mbiu wakapita wakitangaza kwamba jina na uso wake vifutwe kila mahali, na sanamu zake sokoni zikavunjwa vichwa.

"Mama Vettilla, umerogwa?" Oppia, jirani yake, alimkemea. "Bado unamvika mtoto uso wa yule marehemu?"

"Simvishi yeye. Namvisha Afya."

"Haya, kamwambie askari aigeuze sarafu kwanza ndipo akukamate!"

Asubuhi ile Vettilla alikuwa ameamka na joto. Paccia alimtazama, akatazama njia. Askari wakimchukua yeye, nani atamlea mtoto? Akamvua sarafu, akailaza juu ya jiwe la kizingiti na kuugonga ule uso kwa nyundo, pua, macho, hata taji, mpaka ukawa bapa. Kisha akaigeuza. Jiwe lilikuwa limemla Afya. Kichwa, mkono na kisahani, vyote vimelainika. Amebaki nyoka peke yake, kinywa wazi, hakuna wa kumlisha.

"Ungetandika ngozi chini, shoga," Oppia alisema polepole.

"Sasa ndiyo unaniambia?"

"Nilijua utasugua kwa mchanga. Nani alikutuma ushike nyundo?"

Paccia aliiweka nyundo chini. Alimgusa mtoto kwenye paji la uso, akauondoa mkono upesi kama aliyeshika chungu jikoni. Akamfunga mgongoni kwa shuka.

"Unakwenda wapi? Na nguo za tajiri ulizoloweka?"

"Zioze. Nampeleka hekaluni, kwa Afya mwenyewe."

"Mikono mitupu, bila sadaka?"

Paccia alivua hereni zake akitembea. Nyuma ya shingo yake pumzi za Vettilla zilikuwa fupi, za moto, naye akazisikiliza moja moja njia nzima, akiogopa ile itakayochelewa.