Mpira Tuliougombea Bila Kuuona

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu, nilipomuumiza rafiki yangu kwa sababu ya mchezo ambao sikuwahi kuuona kwa macho. Nakusimulia kwa kuwa juzi nilipita stendi ya Ngara, nikawakuta ninyi vijana wa bodaboda mmeinamia simu, mnabishana matokeo ya wiki ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi. Wawili wenu wakashikana mashati, nawe ulikuwa mmojawapo. Sikukuita. Niliendelea na safari yangu, maana nilijiona mimi mwenyewe nilivyokuwa.

Nilikuwa dereva wa mradi wa visima huko Nyakisasa, kijana wa miaka ishirini na kitu. Mafundi wakuu walikuwa Wamarekani wawili, Bwana Bili na Bwana Remo. Laurenti, rafiki yangu, alikuwa fundi wa pampu. Mimi na yeye tulizaliwa Murusagamba, tukakaa dawati moja shuleni, na kazi tuliiomba siku moja.

Kila Jumatatu asubuhi wale mabwana waliwasha redio, wakasikiliza matokeo ya mechi za kwao. Kila mmoja alikuwa na timu yake. Walibishana kwa sauti kubwa, wakichora mistari chini kwa kijiti kuonyesha nani alikimbia wapi, kisha wakanywa chai ya chupa moja na kuingia kazini. Sisi Kiingereza chetu kilikuwa cha kuokoteza. Mpira wenyewe tuliambiwa umechongoka pande mbili kama papai. Basi, hatukujua zaidi ya hapo. Lakini mimi nikajiweka upande wa Bwana Bili kwa sababu nilimwendesha yeye, na Laurenti akachukua upande wa Bwana Remo. Mwanzoni ilikuwa kicheko tu. Kufika msimu wa pili, timu yangu ikishindwa, siku nzima sikutaka kusemeshwa.

Jumatatu ninayokuambia, timu yangu ilifungwa vibaya. Laurenti alinitania tangu tunapakia mabomba mpaka tunafika kisimani. Hakuwa na ubaya, alikuwa anacheka kama siku zote. Kinamama walikuwa wamepanga foleni na ndoo zao.

"Dereva," akasema, "leo hata gari limeona aibu, halitaki kuwaka!"

Kinamama wakacheka. Hasira ikanipanda. Nikamjibu mbele yao wote:

"Timu yako ni kama nyumba yako. Kila mwaka mnatarajia, mwisho wa mwaka hamna mtu."

Mwanangu, miezi minne kabla ya siku hiyo Laurenti na mkewe Leokadia walikuwa wamezika mtoto wao. Na kabla ya huyo, mimba mbili zilikuwa zimeharibika.

Laurenti aliweka spana juu ya bomba, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha aliyelala. Akajipangusa mikono, akaondoka kwa miguu. Kesho yake hakuja kazini, wala keshokutwa. Bwana Bili akaniuliza, "Laurenti anaumwa?" Nikasema sijui. Ningemwambiaje kwamba tumegombana kwa ajili ya timu yake, wakati yeye na Bwana Remo walikuwa wamekaa pale wanagawana mkate?

Wiki tatu zikapita. Nilijidanganya kwamba nitakwenda timu yangu ikishinda, ili niende nikiwa na uso. Ikashinda, sikwenda. Ndipo baba yangu, aliyekuwa amezipata habari kwa watu, akaniita.

"Hao wachezaji unaowapigania," akaniuliza, "wanajua upo duniani?"

"Hapana, baba."

"Na Laurenti?"

Nikamwambia nimekwisha kuandaa pombe ya ndizi, jioni ile nitampelekea tuyamalize.

"Acha pombe hapo," akasema. "Ukifika nayo mtakunywa, mtacheka, na lile neno litabaki limekaa palepale. Nenda mikono mitupu. Ulitaje neno lenyewe kama ulivyolitamka. Na uanze na mama wa mtoto."

Nilimkuta Leokadia uani anapepeta maharage. Laurenti alikuwa shambani. Leokadia alinikaribisha kiti, akaendelea na kazi yake. Nilitamani ardhi inimeze.

"Shemeji," nikasema, "nilisema mbele ya watu kwamba nyumba yenu haina mtu."

"Nililetewa maneno hayo siku ileile," akajibu. "Hata maji ya kisimani yalikuwa hayajafika nyumbani."

"Nimekuja kuomba msamaha."

Ungo ukatulia.

"Aliitwa Editha," akasema. "Aliishi siku kumi na moja. Kaburi lake mlilichimba wewe na Laurenti, hukutaka mtu mwingine ashike jembe. Wengine wangesema hapakuwa na mtu, ningenyamaza. Lakini wewe ulimbeba."

Nililia, mwanangu. Nililia mbele ya mwanamke nikiwa mtu mzima, na yeye hakunibembeleza. Alisubiri nimalize, kisha akasema, "Nimekusamehe. Sasa mfuate mwenzako shambani."

Laurenti naye alinisamehe. Tulipeana mikono katikati ya migomba, akarudi kazini, tukavimaliza visima vyote pamoja. Baadaye Mungu akawajalia watoto wawili, na mimi nikawa baba wa ubatizo wa yule mkubwa. Lakini nisikufiche. Tangu siku ile mpaka anafariki, Laurenti hakunitania tena. Alizungumza nami kwa heshima, kama mtu anavyozungumza na mgeni. Utani wake niliuua mimi, na msamaha haukuurudisha.

Kwa hiyo nakuusia: shabikia mpira wako, ubishane, ufurahi. Sikukatazi. Ila ukiona umeshindwa hoja na mkono wako unatafuta kidonda cha mwenzako, funga mdomo na uondoke, hata wakikucheka. Na kama umekwisha kulitamka, usingoje upate uso wa kwenda nao. Nenda leo. Usijifiche nyuma ya zawadi. Litaje neno lenyewe, kwa yule liliyemuumiza zaidi. Yule kijana uliyemkamata shati pale stendi ana jina, na kwao unapajua.

Mungu akupe ulimi mpole na miguu myepesi ya kwenda kuomba radhi. Akupe marafiki watakaokutania mpaka uzeeni, nawe uwe na masikio ya kuwasikia. Amina.