Umeitema Wewe, Tuinywe Sisi?

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa bia. Nilipewa maji. Msimamizi wa Ubora, mama mwembamba kutoka mikoa ya juu, alipanga glasi mezani akaniambia moja ina chumvi kidogo, nyingine sukari, nyingine ndimu, nyingine dawa chungu, na moja haina kitu. Nitaje ipi ni ipi. Nilinusa kila glasi mara mbili kabla ya kuthubutu kuonja. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na mtoto, nimezunguka Mtwara, Tunduru, Songea hadi Mbeya, nikibeba mizigo, nikiuza mitumba, nikilinda mageti ya watu. Sasa riziki yangu ilikuwa imesimama kwenye ncha ya ulimi.

Ile isiyo na kitu ndiyo iliyonishinda. Niliirudia na kuirudia.

"Hii ina chuma," nikasema mwishowe.

"Haina kitu," akajibu. "Lakini nimekuchukua. Asiyeogopa haiwezi kazi hii. Anayeogopa sana haiwezi vilevile. Tutaona wewe uko wapi."

Ninyi vijana mnaoniuliza kazi ya kuonja bia ilikuwaje, anzeni hapo. Mimi mpaka leo sijajua niko wapi.

Kiwanda chetu kilikuwa pembeni mwa mji wa Masasi, ndani ya ghala la zamani la korosho. Mwenye kiwanda tulimwita Mhandisi. Alikuwa amesomea mashine, akajifunza kupika bia ugenini, akarudi nchini na mitungi ya chuma na maneno mengi. Hakutaka kutengeneza bia inayofanana na za viwanda vikubwa. Alitaka za kwake, kidogo kidogo, kila moja na tabia yake.

Bia, kwa kifupi, ni kimea, maji, hopsi na hamira. Kimea ni nafaka iliyooteshwa ikakaushwa, kama mama zetu wanavyootesha mtama. Hopsi ni maua makavu ya mmea wa nchi za baridi. Ndiyo yaletayo uchungu na harufu. Hamira hula utamu wa kimea na kuugeuza kileo. Ukibadilisha kimoja tu, umepata bia nyingine. Tulikuwa na ya dhahabu, nyepesi, ambayo kasoro yake haina pa kujificha. Tulikuwa na ya ngano, yenye ukungu, inayonukia ndizi mbivu ingawa haijawahi kukutana na ndizi. Tulikuwa na nyeusi ya kimea kilichokaangwa, ambayo vibarua waliiita "chai ya msiba". Na tulikuwa na ile chungu yenye hopsi nyingi, ambayo kila aliyeionja mara ya kwanza aliuliza kama ni dawa ya malaria.

Mwonjaji hatafuti utamu. Utamu kila mtu anauona. Yeye hutafuta ubaya. Bia ikinukia siagi, hamira haikumaliza kazi. Ikinukia mahindi ya kuchemsha, haikuchemka vya kutosha. Ikiwa na harufu ya boksi lililonyeshewa, hewa imeingia. Chupa ikipigwa jua, bia hunuka kama kicheche. Nilijifunza haya yote, na kila nililojifunza lilinipunguzia usingizi, kwa sababu sasa nilijua mambo mengi zaidi yanayoweza kunipita.

Nyumbani nikawa kero. Sikula kitunguu kibichi asubuhi, sikunywa kahawa, sikuruhusu sabuni ya manukato. Mama Neema, mke wangu, alichoka.

"Wenzangu wana waume," aliwaambia majirani. "Mimi nina mbwa wa polisi. Ananusa mboga kabla hajanisalimu."

Kanuni kubwa ya Msimamizi wa Ubora ilikuwa moja: onja, zungusha mdomoni, tema. Waonjaji wengine humeza kidogo, kwa sababu uchungu wa bia hukaa nyuma ya ulimi. Yeye hakukubali. "Mlevi haoni kasoro," alisema. "Glasi ya kwanza unaipima wewe. Ya kumi inakupima wewe." Kando ya meza yetu palikuwa na ndoo ya kutemea, na nikaizoea ndoo ile kama fundi viatu anavyozoea nyundo.

Kisha Mhandisi akataka tawi Newala.

Aliniita ofisini, akafunga mlango. "Baba Neema, kule ni kwenu," alisema. Kwetu ni Chiwata, lakini kwa mtu wa mbali uwanda wote wa juu ni kwetu. "Watu wa Newala wana uraka wao, pombe ya mabibo, tangu babu zao. Tutawaalika waonje bia zetu. Wakizikubali, tawi linafunguliwa na wewe utakaa kule, mwonjaji mkuu. Wakizikataa, sina uwezo wa kubaki na waonjaji wawili hapa. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Mama yangu alikuwa Chiwata, amezeeka akinisubiri nitulie. Nilikuwa nimemuaga mara nyingi mno mbele ya mlango wake. Nikikosa kazi hii, nilijijua: miguu yangu ingeanza kuwasha, na wiki hiyohiyo ningekuwa stendi na begi.

Tulipanda Newala na mapipa ya chuma yenye bia nne za Masasi. Ya tano ilipikwa kulekule, na ndiyo aliyoitegemea Mhandisi: bia ya mabibo, yale matunda ya mkorosho. Aliipika pamoja na Mama Bahati, mpishi wa uraka aliyejulikana mji mzima, ambaye alikuwa ameacha upishi wake wa nyumbani akaja kwetu. Maji ya Newala ni mtihani. Yakija ya bomba kutoka bondeni, yana ladha yake. Yasipokuja, mnatumia ya mvua kutoka kwenye kisima cha nyumbani, nayo yana yake. Wiki ile hayakuja. Mama Bahati alipika kwa maji ya mvua, na jua la wiki ile lilikuwa la kupasua vichwa. Joto likizidi, hamira huharibu harufu ya bia. Nililisema hilo, Mhandisi akasema ninaogopa kivuli changu.

Siku ya kuonja, watu walikaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Walikuja wenye baa, wakulima wa korosho, akina mama wapishi wa uraka. Wasiokunywa walipita barabarani, wakatupa salamu zao na kwenda zao. Mbele kabisa alikaa Mzee Lipande, ambaye pombe ya sherehe yoyote mtaani haikugawiwa kabla hajafika.

"Shikamoo babu," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Tumekuja kuona hiyo pombe ya mitungi."

Nilisimama kwenye meza, nimevaa koti jeupe, glasi tano mbele yangu na ndoo kando. Wageni nao walikuwa wameshagawiwa glasi zao. Niliwaeleza kila bia. Niliinua glasi kwenye mwanga, nikanusa, nikaonja, nikazungusha mdomoni, nikatema kwenye ndoo. Ya dhahabu, nikatema. Ya ngano, nikatema. Nyeusi, chungu, vilevile. Nilipofika ya mabibo, pua ilikutana na kitu chembamba sana, kama ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Kilikuja, kikatoweka. Nikaonja, nikatema, nikanusa tena. Ilikuwa bia? Ilikuwa glasi? Ilikuwa mafuta ya kichwani ya yule dada aliyepita kugawa?

Nilipoinua uso, hakuna aliyekuwa anakunywa. Glasi zote zilikuwa zimewekwa chini, miguuni.

"Mwanangu," akasema Mzee Lipande, "umetema?"

"Ndiyo babu. Ndivyo tunavyopima."

"Umeitema wewe unayeijua, halafu tuinywe sisi tusioijua?"

Kicheko kikazuka. Mtu mmoja nyuma akadakia, "Mzee, hata nyoka hujikinga na sumu yake!" Wakacheka zaidi, lakini hakuna aliyeinama kuchukua glasi yake.

Mama Bahati alinisogelea, akaninong'oneza kwa hasira. "Baba Neema, una wazimu? Kunywa! Umewaachia sumu."

Hapo ndipo akili ilinirudia. Huku kwetu mwenye pombe hunywa kwanza, mbele ya wageni, kisha ndipo akaribishe. Tunaita kutoa sumu. Nilikuwa nimeliona tangu nikiwa mtoto: mama hampi mtu kikombe cha uraka kabla hajakipitisha kinywani mwake na kumeza. Masasi yenyewe nililiona kila sikukuu. Ila nilikuwa nimevaa koti jeupe, na koti lile lilikuwa limenisahaulisha. Mtu anayetema pombe yake hadharani, kwa watu hawa, ametangaza kwamba si ya kunywewa.

Nikachukua glasi ya dhahabu, nikainywa yote, nikaigeuza waone. Nikanywa ya ngano. Nikanywa nyeusi. Nikanywa ile chungu, na wazee wakaanza kuguna kwa kuridhika. Mhandisi, aliyekuwa amesimama kando amekauka, alianza kutabasamu.

Nikashika ya mabibo.

Niwaambieni ukweli, sikuwa na uhakika. Mtu angeniuliza mahakamani, nisingeweza kuapa kwamba nimenusa kitu. Nilijua tu kwamba nikiimeza mbele yao nimewaambia iko salama, na hilo silijui. Nikiiweka chini, nimeikataa bia ambayo tawi lote lilijengwa kwa ajili yake, na pengine nimejirudisha stendi. Mhandisi alinitazama. Mama Bahati alinitazama. Bia nne zilikuwa zimeanza kupanda kichwani, nikakumbuka kwamba mlevi haoni kasoro, nikazidi kuogopa: huenda hata shaka yangu ilikuwa ya pombe.

"Hii siinywi," nikasema.

"Ina nini?" Mzee Lipande akauliza.

"Sijui vizuri, babu. Pua yangu imeikataa."

Kisha mzee akainama, akachukua glasi yake ya mabibo, akaimwaga mchangani taratibu. "Basi na sisi tumeikataa." Akachukua ya dhahabu, akanywa, akafuta midomo. "Hii inanywewa. Na ile ya mabibo mpike nyingine. Siku huyu akiinywa, mtuite."

Watu wakanywa. Walipoondoka, Mhandisi akajishughulisha na kukunja turubai. Mama Bahati ndiye aliyesema.

"Umenivua nguo mbele ya wakwe zangu," alisema, na machozi yalikuwa karibu. Akaenda kwenye pipa lake, akalifungua, akalimwaga lote kwenye mtaro. Nilikimbia kumzuia, nikitaka kubaki na chupa moja nipeleke Masasi kwa Msimamizi wa Ubora, nipate kujua. Nilichelewa.

Tawi lilifunguliwa. Bia ya pili ya mabibo ilipikwa maji yalipotoka na hali ya hewa ilipopoa. Niliimeza mbele ya Mzee Lipande, na Mama Bahati akanisamehe kwa mtindo wake, yaani akaanza kunitania. Nimekaa Newala miaka mingi kuliko mahali pengine popote nilipowahi kuishi. Mama yangu alikufa akijua niko wapi. Msimamizi wa Ubora, nilipomsimulia kisa kile, hakunisifu wala kunilaumu. Aliuliza tu, "Glasi ilioshwa kwa sabuni gani?" Swali hilo halijaniacha.

Nimeacha kazi mapema, kabla nywele hazijageuka mvi zote. Mafua makali yalipita, yakaondoka na nusu ya pua yangu. Asubuhi moja nilinusa bia ya ngano nikapata maji matupu. Nikaenda siku hiyohiyo kumwambia Mhandisi, na koti jeupe sasa linavaliwa na binti hodari wa Kitangali ambaye hutema Masasi na humeza Newala. Mimi nina bustani ndogo, na miguu inawasha kila nisikiapo honi ya basi la Songea.

Lakini bado siondoki, na sababu inanitia hofu. Kukiwa na arusi au kumaliza matanga, pombe yoyote ikiletwa, iwe ya kiwanda au uraka wa jirani, kikombe cha kwanza hupewa mimi. Nimewaambia mara nyingi kwamba sinusi kitu, pua imekufa, wamtafute mwingine.

"Pua yako ya nini?" husema. "Wewe kunywa tu."

Nakunywa. Halafu nakaa pamoja nao, kikombe mkononi, nikisikiliza tumbo langu, nao wakinitazama usoni kwa imani ambayo sina.