Udongo Laini wa Karasha

Watu huniuliza nilisomea wapi uandishi, wakitegemea nitaje chuo. Nilisomea kwenye ngitili ya baba, karibu na Mwakitolyo: kipande cha malisho tulichokifunga masika yote, ng'ombe wasikiguse mpaka kiangazi kikaze. Baba hajui kusoma. Kila jioni alimtuma mmoja wetu akaikague ngitili, na ukirudi na jibu la "majani yapo," anakurudisha. Majani gani? Yamelalia upande gani? Udongo ukiufinya unashikana au unamwagika? Nilimchukia kwa hilo. Leo sijui kuandika kwa namna nyingine.

Mvua zilichimba korongo katikati ya ngitili, likawa linameza malisho kila mwaka. Wakati huo makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, yalishasogea mpakani kwetu, na pembeni yake palikuwa na marundo ya udongo uliokwisha kuoshwa na kutolewa dhahabu. Ulikuwa laini kama unga wa muhogo. Baba aliufinya, akafurahi. Wenye karasha wakamwambia achukue tu. Akafunga maksai kwenye mkokoteni, akausomba kiangazi chote mpaka korongo likajaa.

Mimi nilikuwa Kahama nikifundisha. Niliporudi nilimwambia udongo ule umepitishwa kwenye zebaki, ni sumu. Akanicheka mbele ya mama.

"Vitabu ni vyako. Udongo naujua mimi."

Mvua ikausambaza ngitili nzima. Majani yakaota ya njano, yakakauka kabla ya kiangazi, na juu ya ardhi likabaki gamba gumu jeupe. Ng'ombe wakaanza kufa. Kama ni sumu au njaa, hakuna aliyetuambia kwa uhakika. Tuliwafukia bila kula nyama, na mama hakuzungumza na baba siku zile zote.

Majirani wakiuliza, baba husema ni jua. Mwezi uliopita nilimkuta ngitilini akiukwangua udongo ule kwa chepe. Amekonda. Alikuwa amejaza mkokoteni na hakuwa na pa kuupeleka.

"Ng'wana wane," akasema, yaani mwanangu, "ukija kuyaandika haya, andika jua."

Hasira zilinipanda, na huruma juu yake. "Sitaandika jua, baba. Shikamoo yangu unayo, lakini hilo siandiki."

Aliegemea chepe.

"Basi andika pia kwamba nilikuwa naziba korongo."